Mgeni wa Kwenye Kioo

Mshale mdogo ulianza kutembea wenyewe kwenye kioo cha kompyuta, na Mama Ernesta, kama kawaida yake, akausalimia.

"Mwakeye, fundi," alisema, kisha akasogeza kiti nyuma na kuinuka, maana hakuona adabu kumbana mtu aliye kazini.

Fundi mwenyewe, Fidele, alikuwa Kasulu. Ndiye aliyewafungia kamera za ukutani na kompyuta ya kuzitazamia, na baadaye akaweka programu ya kumwezesha kukaa dukani kwake na kuishika kompyuta ya Kibondo kana kwamba ameikalia. "Barabara ni ndefu, mama, na mimi ni mmoja," aliwaambia. Siku mshale ulipotembea wenyewe mara ya kwanza, Zuhra, karani aliyetoka Kondoa, alikimbilia uani na ndala moja mguuni. Mama Ernesta alibaki akashika rozari, akasali mpaka mwisho, ndipo akampigia Fidele simu. Fidele alicheka sana. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba: mshale ukitembea, aliyepo anasalimia, anaacha kiti, anarudisha mlango taratibu. Mgeni yuko ndani, aachwe afanye kazi yake.

Siku hiyo mgeni alifungua picha za kamera. Geti la mbele, ua, jiko, geti la nyuma. Akachagua ua, akaikuza picha mpaka ikajaa kioo kizima. Pelagia alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Mshale ukaja ukatulia juu ya kichwa chake.

"Anazikagua kamera," Mama Ernesta alimwambia Zuhra akifunga mlango. "Mungu ambariki, hajatusahau."

Nyumba ile ilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, ina ukuta mrefu na geti la bluu lisilo na kibao. Wanawake waliokimbia vipigo ndimo walimojificha, na Mama Ernesta alikuwa mlezi wao tangu mumewe alipofariki. Wengi alikuwa amewaona. Walikuja wamevunjwa taya, wengine wamemwagiwa uji wa moto, na mmoja alikuja na mtoto mgongoni, hajui kwamba mtoto amekwisha kufa. Lakini Pelagia alikuja akiwa ameufunga mkono wake kwa fulana ya mumewe, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipoifungua ile fulana, vidole havikuwamo. Kilichobaki kilikuwa dole gumba peke yake.

Mumewe aliitwa Nduwayezu, mpasua mbao wa Rungwe Mpya. Aliuweka mkono wa mkewe juu ya gogo la kupasulia kuni, akashusha panga, mama yake mzazi akiwa amesimama mlangoni anatazama. Kisha akamwambia mkewe kwamba safari nyingine itakuwa ulimi. Alikamatwa, akapata dhamana, akarudi kwenye mbao zake. Kesi ilikuwa isikilizwe Kasulu Jumatatu. Mama mkwe aliwaambia polisi kwamba hakuona kitu, alikuwa anachambua maharage. Kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja, na mwendesha mashtaka alimweleza Mama Ernesta bila kuficha: asipofika huyo, kesi imekufa. Nduwayezu naye alilijua hilo.

Wiki ile, basi, nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu. Pelagia afike Jumatatu akiwa na pumzi, na ulimi wake mdomoni.

Walikuja Jumatano mchana, saa ya rozari. Saa hiyo wanawake huwa chumba cha sala, isipokuwa Pelagia aliyebaki chumbani akipumzisha mkono, na mzee Bazilio mlinzi huacha geti la mbele akaenda kumfungulia muuza kuni geti la nyuma. Alipotoa komeo, aliyekuwa nje hakuwa muuza kuni. Walikuwa wanaume wawili waliojifunga vitambaa usoni, na wa kwanza alimkata mzee shingoni pale pale akiwa bado ameshika komeo.

Bazilio alianguka akamng'ang'ania mtu mguu. Walimkata tena ili auachie. Halafu wakapita ua mbio, wakaruka mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila hata kuvigusa vitasa, wakaupiga teke wa nne. Chumba cha Pelagia.

Mama Ernesta alitoka chumba cha sala akasikia godoro likichanwa. Alichukua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu, akamkuta mmoja anarudi nyuma kutoka mlangoni, akampiga begani kwa nguvu zote alizolimia miaka yote. Alisikia mfupa ukilia. Yule wa pili akamtupa ukutani kama gunia. Wanawake walikuwa wameanza kupiga yowe, majirani nao wakalipokea na kulipeleka mbele, watu wakaja na majembe, na wale wawili wakaruka ukuta, damu ya Bazilio kwenye suruali zao.

Pelagia alikuwa chooni. Kamera zote za nyumba ile, hakuna iliyoelekezwa chooni, kwa ajili ya heshima.

Bazilio alikata roho kichwa chake kikiwa juu ya magoti ya Mama Ernesta. "Nimewafungulia mwenyewe," alisema. "Mama, nimewafungulia mwenyewe." Alijaribu kusema lingine, ikatoka damu.

Jioni hiyo Mama Ernesta alikuwa polisi anatoa maelezo, na nyuma yake nyumba ikaanza kujila yenyewe. Aliyeanzisha ni Loyce, mwanamke wa maneno makali.

"Wamejuaje mlango wa nne?" alisema. "Tuulizane hapa hapa. Wamejuaje saa ya kuni?"

Macho yakaenda kwa Claudine. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi na kupewa uraia, naye kazaliwa huku huku, lakini siku za hasira watu hawaulizi karatasi. Claudine alilala chumba kimoja na Pelagia. Claudine alionekana ukutani na simu sikioni, anaongea Kirundi kwa sauti ya chini. Claudine siku hiyo hakuwa kwenye rozari.

"Nilikuwa jikoni," alisema. "Nani kawaivishia hayo maharage?"

"Na simu?"

"Naongea na mama yangu, yuko Kasanda. Anaumwa miguu."

"Miguu," Loyce akasema. "Tutakuonyesha miguu."

Walimpiga kwa kuni. Wanawake waliopigwa maisha yao yote, wanaojua kila mahali panapouma, walimpiga mwenzao hapo hapo panapouma. Pelagia alilia akiwazuia kwa mkono wake mmoja, wakamsukuma kando. Mama Ernesta aliporudi alimkuta Claudine amejikunja kwenye kona ya jiko, jicho limefunga, mdomo umepasuka, na jino liko sakafuni karibu na jivu.

"Imana yanje," Claudine alikuwa anasema, Mungu wangu, tena na tena, kama mtu anayehesabu kitu.

Mama Ernesta hakumkaripia mtu. Alimwosha Claudine, akampeleka kulala chumbani kwake mwenyewe, akafunga mlango kwa ufunguo. Na ukweli ni kwamba hakujua anamfungia nani nje na nani ndani. Shaka ilikuwa imemwingia na yeye.

Alhamisi walimzika Bazilio. Ijumaa fundi Fidele alikuja kutoka Kasulu kuhani msiba, begi lake la vifaa begani. Mama Ernesta hakujua kwamba amefika. Alikuwa ofisini, amekaa mbele ya kompyuta akitazama ua ulivyosafishwa usionekane damu, wakati mshale ulipoanza kutembea.

"Mwakeye, fundi," alisema.

"Mwakeye, mama," sauti ikamjibu nyuma yake.

Aligeuka. Fidele alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, vumbi la safari kwenye viatu. Mama Ernesta akamtazama, akautazama mshale. Ulikuwa unaendelea. Ulifungua picha ya ua, ukaikuza, ukaanza kupita mlango hadi mlango, taratibu, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

"Fundi," alisema, akikinyooshea kioo kidole. "Huyu ni nani?"

Fidele aliangusha begi. Alikuja akainama mbele ya kioo. "Mimi sijaifungua mashine hii mwezi mzima," alisema. "Mama, mimi sijaingia humu mwezi mzima."

Alimvuta nje, wakasimama chini ya ukuta ambapo kamera haifiki, na hapo akamwaga yote. Programu ile inapowekwa inakuja na mipango yake ya kiwandani. Inajiwasha yenyewe kompyuta ikiwashwa. Haimuulizi mwenye mashine kama anamkubali anayeingia. Na inakuja na neno lake la siri, jepesi, lile lile kwa kila anayeinunua, ambalo fundi anatakiwa alibadilishe siku hiyo hiyo.

"Na wewe hukulibadilisha."

"Sijalibadilisha popote, mama. Nina mashine nyingi, kuanzia huku mpaka Kasulu mjini. Niliona nikiacha lile lile sitasahau. Nikaona, nani atakuja kutazama kompyuta ya kina mama wa Kibondo?"

"Sasa nani anatutazama?"

Fidele alishika kichwa. Aliyemsaidia kuweka programu nyumba ile alikuwa Godson, kijana aliyejifunza kwake kisha akaondoka kufungua kibanda chake karibu na soko la Kasulu. Godson anazijua namba za mashine zote. Godson ni mtoto wa dada yake Nduwayezu.

Mama Ernesta aliegemea ukuta. Alikumbuka mshale umetulia juu ya kichwa cha Pelagia, na yeye akiurudishia mlango ili usisumbuliwe. Siku ngapi? Wameonyeshwa saa ya kuni, saa ya sala, mlango gani analala nani, na kila siku mlezi wa nyumba amewasalimia na kuwapisha kiti.

"Naichomoa sasa hivi," Fidele alisema akigeuka.

Mama Ernesta alimshika mkono. "Usiiguse."

"Mama, wanatuona."

"Ndiyo. Ukiichomoa watajua tumejua. Kwenda Kasulu barabara ni moja, watakaa porini wapekue kila gari mpaka wampate. Acha waone. Ila waone ninachotaka mimi."

Alikwenda polisi kwa miguu, akaongea na mkuu wa kituo mlango umefungwa. Mkuu alikuwa mtu wa Singida, mpole, asiyependa kukatizwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: nani atavaa nguo za huyo binti?

"Mimi," alisema Mama Ernesta.

Kisha alirudi nyumbani akamfungulia Claudine mlango, akapiga magoti mbele ya kitanda. Alimweleza kila kitu: mshale, neno la siri, Godson. Alimwomba msamaha kwa niaba ya nyumba, na kwa niaba yake, maana na yeye alishuku.

Claudine alimtazama kwa jicho lililo zima. "Sitaki kupigiwa magoti," alisema. "Nataka jino langu."

Mama Ernesta aliinuka. Jumamosi, alipokuwa anajifunza chumbani kutembea kama Pelagia, amejifunika khanga ya njano na bandeji mkononi, Claudine ndiye aliyesema kutoka kitandani, bila kugeuza kichwa kikamilifu:

"Unaupinda mgongo. Yule haupindi. Hata akiogopa anatembea ameinua shingo."

Mama Ernesta akainua shingo.

Siku hiyo hiyo waliegesha gari la parokia, pikapu yenye viti vya nyuma, katikati ya ua, wakaliosha mbele ya kamera, wakapakia fungu la nguo la Pelagia. Zuhra alikaa ofisini kama alivyoagizwa, anaandika mambo ya unga na sabuni. Mshale ulipokuja alisimama, akasalimia kama desturi, akatoka. Kupitia ufa wa mlango aliona picha ya gari inakuzwa mpaka namba zake zikasomeka.

"Mama, amenasa," Zuhra alinong'ona. "Anasoma pleti namba, wallahi."

Jumapili asubuhi wanawake wa nyumba walitoka kwenda misa, wote wamevaa kitenge cha sare ya kina mama wa kanisa, vilemba vya aina moja, mikono yote chini ya mitandio. Hata mimi na wewe tungekuwa mbele ya kioo kile tusingemjua nani ni nani. Pelagia alikuwa katikati yao. Hakurudi. Nyuma ya kanisa lilikuwapo lori la maharage la muumini mmoja, dereva akiwa na askari pembeni aliyevaa kiraia, na Pelagia akapanda mbele, bado na sare yake, wakati kwaya ikiimba wimbo wa matoleo.

Baada ya misa, mbele ya kamera ya ua, mwanamke mwenye khanga ya njano na bandeji mkononi alitoka mlango wa nne, ameinua shingo, akaingia kiti cha nyuma cha gari la parokia. Dereva alikuwa askari. Nyuma, chini ya turubai, kati ya magunia, walilala askari wengine wawili na bunduki zao, waliopanda gari lilipokwisha kutoka getini.

Mama Ernesta alisali njia nzima. Hakuomba kuokoka, aliomba asipige kelele mapema. Walipita Busunzu, wakashuka kuelekea Malagarasi, wakavuka daraja, na upande wa pili, msitu wa miombo ulipokaribia barabara pande zote mbili, gogo lilikuwa limelazwa katikati ya lami.

Dereva alifunga breki. Pikipiki ilitoka porini ikasimama nyuma yao. Watu wengine wawili walijitokeza kwa miguu, na aliyekuwa mbele hakuwa amejifunika uso. Alikuwa mtu mrefu, shati lina unga wa mbao mabegani. Hakumtazama dereva. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma, akakivunja kioo kwa mgongo wa panga.

"Nilikwambia," alisema Nduwayezu, bila kupaza sauti, kama mume anayemkumbusha mkewe chumvi. "Nilikwambia ulimi."

Aliuvuta mkono wenye bandeji kupitia dirishani. Mama Ernesta alikuwa ameapa hatapiga kelele, na hakupiga. Panga lilishuka chini ya kiwiko, likafika mfupani. Aliuona mfupa wake mwenyewe, mweupe, kabla damu haijaufunika. Khanga ikamdondoka kichwani.

Nduwayezu aliona mvi. Alibaki na panga juu.

"Huyu siye," alisema.

"Mimi ni mama yake," alisema Mama Ernesta.

Turubai likafunuka. Risasi ya kwanza ilimpata yule wa pikipiki kifuani, akalalia usukani wake na pikipiki ikaendelea kunguruma chini yake. Wa pili, mwenye bega lililofungwa, alikimbia, askari akamfuata miti ikiwameza wote wawili, ukasikika mlio wa bunduki. Nduwayezu hakukimbia. Alimrukia Mama Ernesta kupitia dirisha lile lile, nusu mwili ndani ya gari, vipande vya kioo vikimchana tumbo, akamkamata koo kwa mkono mmoja. Alinuka jasho na maranda. Mama Ernesta alimchoma jicho kwa kidole cha mkono mzima na hakukitoa. Askari alimpiga risasi ya paja. Aliachia koo, akaanguka barabarani, na bado alitambaa kwenye lami akitafuta panga lake kwa kupapasa, akimtukana Pelagia kwa Kiha matusi ambayo hayaandikiki, mpaka walipomkalia mgongoni wakamfunga pingu.

Saa hizo hizo polisi wa Kasulu walikuwa wameingia kibandani kwa Godson. Walimkuta kwenye kiti chake, chai pembeni, ua wa Kibondo umefunguka kwenye kioo. Hakubisha. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kuzima. Na Fidele, aliyeambiwa sasa anaweza kuichomoa, aliichomoa, kisha akakaa kwenye kigoda uani akawapigia simu wateja wake mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wazime mashine zao mpaka afike mwenyewe kubadilisha kila alichokiacha kilivyokuja. Baadhi walimtukana. Alisema ndiyo, ni haki yao, akapiga namba inayofuata.

Jumatatu daktari wa Kasulu alimkataza Mama Ernesta kutoka wodini. Alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, na alipopita kwenda kwa wagonjwa wengine akavaa viatu kwa mkono mmoja na kuondoka.

Chumba cha mahakama kilijaa. Nduwayezu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, paja limefungwa, jicho moja limefunikwa. Mama yake mzazi alikaa benchi la nyuma, rozari mkononi kama mtu mwema. Pelagia alisimama kizimbani na kitenge chake cha sare kilichokunjamana kwa safari. Alipomwona mumewe alikishika kizimba kwa dole gumba na mkono mzima.

"Uko tayari?" hakimu aliuliza.

Pelagia alifungua mdomo, sauti isitoke. Mwanasheria wa Nduwayezu akaanza kuinuka.

"Unahitaji kupumzika, mama?" hakimu akauliza tena.

"Hapana," alisema Pelagia. "Naomba maji."

Akaletewa glasi. Alikunywa yote, akaiweka. Kisha akaanza pale ilipoanzia siku ile: asubuhi, moshi wa jiko, mama mkwe mlangoni, gogo liko wapi na mume kasimama wapi. Alieleza kidole kwa kidole. Mama mkwe alisimama atoke, mlinzi wa mlango akamrudisha kukaa. Nduwayezu alinguruma kitu, hakimu akamnyamazisha, na Pelagia akasubiri anyamaze, ameinua shingo, ndipo akaendelea.